Yadi ya Mkono wa Mama

Enzi zetu pale Kianjai, wenzangu mnakumbuka, nani alinunua nguo imeshonwa tayari? Ulinunua kitambaa sokoni, ukampelekea fundi, ukangoja. Mama yangu aliuza vitambaa vya maana: satini iliyoteleza mkononi, poplini iliyonukia upya, na lesi ambayo hatukuigusa tukiwa tumekula ndizi. "Karimi, onyesha mikono!" angeniambia, nami mbio kwenda kunawa.

Yadi ilipimwa kwa mwili, kutoka ncha ya pua hadi ncha ya vidole vya mkono ulionyooshwa. Sasa mama alikuwa mfupi, mfupi kweli. Kwa hivyo aligeuza uso upande wa pili kabisa ndipo avute kitambaa, na bado aliongeza vidole vinne juu. Wateja wake walishazoea.

Jumamosi moja kwaya ya akina mama ilikuja kutafuta satini ya buluu ya sare za Krismasi. Mama alikuwa ameshawakatia watatu wakati jirani yetu wa kibanda cha pili, mzee mmoja mrefu aliyeuza vitambaa pia, alipopaza sauti: "Na mnaamini mkono huo? Hiyo ni yadi ya mtoto!" Soko likacheka. Akina mama wakaanza kutazamana. Nilitaka kulia, maana neno kama hilo likishika sokoni, nani atanunua kwako tena?

Mama alimwita fundi wa cherehani wa pale sokoni aje na rula yake ya mbao ya yadi moja. "Pima hivi nilivyokata," akasema. "Halafu upime na vile mzee alivyokwisha kata leo."

Fundi akapima, watu wamejazana. Vya mama vilizidi, vyote vitatu. Vya mzee vilipungua, kwa sababu alikuwa na tabia ya kukunja kiwiko akipima. Wacha wee! Vigelegele vilipigwa kama mtoto amezaliwa. Kiongozi wa kwaya akasema, "Mama Karimi, kata jora lote!"

Siku hizi watoto wetu wananunua nguo kwa simu. Inafika inabana kwapa, wanapiga picha hivyo hivyo, eti ndio mtindo. Raha ya kushika kitambaa kabla hakijawa nguo hawaijui, na nawahurumia. Lakini zaidi nawahurumia kwa sababu hawakumwona mama yangu jioni ile akirudi nyumbani, ametembea katikati ya soko, na watu warefu wakimpisha.