Faili Usiyoijua Usiiite Ukurasa

Naikumbuka Ijumaa moja hapa Kitale, mwanangu, hata siku ambazo ningependa kuisahau. Nilikuwa nimetoka Form Four juzi tu, nikaandika seva yangu mwenyewe, yaani programu ya kuwapa watu faili kwa mtandao, ndogo, nyepesi, ikakaa kwenye kompyuta kuukuu juu ya meza ya mama. Kutoka nyumbani sikupenda, na bado sipendi. Nikaona badala ya mimi kuwaendea watu, watu wanijie kwa simu.

Senge yangu, dada yake baba, aliongoza sauti ya pili katika kwaya ya akina mama kule Kamukuywa. Mwalimu wao alikuwa amehamishiwa Lwakhakha, akarekodi kila sauti kwa simu yake, akanitumia nizipandishe kwenye seva. Kesho yake walikuwa na mashindano Bungoma, naye hangefika. Akina mama wale hawakusoma noti. Walijifunza kwa kusikia, basi.

Sasa, seva ikitoa faili, huiambia simu kwanza: hii ni picha, huu ni wimbo, huu ni ukurasa. Yangu ilijua kurasa na picha. Kitu kingine chochote, hata wimbo, niliiamuru ikiite text/html, yaani ukurasa, kwa sababu niliona aibu seva yangu ikisema haijui. Mficha uchi hazai, lakini nani angeniambia kitu wakati ule?

Simu ikalia.

"Wewe, nimefungua wimbo naona maandishi ya wachawi."

"Senge, hebu shuka chini, labda wimbo uko chini."

"Nimeshuka mpaka kidole kimechoka. Mama Wekesa wa hapa kwaya anasema ni Kigiriki, ati tuombe."

Nikamwambia simu zao ni mbovu. Ndiyo, mimi huyu. Nikanywa chai, nikalala.

Bungoma sauti ya pili ikaifuata ya kwanza kama mbuzi aliyefungwa kamba, na kwaya ikatolewa mashindanoni hapo hapo. Jumapili senge akaja kwetu, akasalimia kila mtu, akanigeukia.

"Wewe umekulia kwa mahindi. Mbegu inapakwa dawa yenye sumu, si ndiyo? Ukipata gunia hujui ni ya kupanda ama ya kula, unafanya nini?"

"Naliweka kando, senge."

"Hulipeleki posho mill likasagwe unga?"

"Hapana."

"Basi sisi ulitupeleka. Ungesema tu hujui, bana, tungebeba gunia tukaliangalie wenyewe."

Nikabadilisha mstari mmoja palepale: kisichojulikana kiitwe application/octet-stream, maana yake hizi ni baiti tu, data ghafi isiyo na jina, zihifadhi. Simu ya senge ikahifadhi faili, kicheza muziki chake kikaitambua. Akasikiliza sauti yake mpaka mwisho, akiiimba polepole, bila kosa. Heri angenichapa.

Halafu juzi wewe unanionyesha seva yako, umejaa furaha, ati inafungua kila faili na kunusa mwanzo wake ipate kukisia ni nini. Seva nyepesi, mwanangu, na umeipa kazi ya mganga! Nilinyamaza kwa sababu mama yako alikuwepo.

Sikia basi. Weka orodha fupi ya viishio vya majina ya faili, kama .mp3, na aina zake, zile watu wako wanazotumia kweli. Maandishi yatajie na herufi zake, UTF-8, yasifike yamevurugika. Kisichomo kwenye orodha kiite baiti tu, kihifadhiwe, na uiambie simu nayo isikisie. Ukurasa hutekelezwa, mwanangu, simu hutii amri zilizomo ndani yake. Ukimwita mgeni usiyemjua ukurasa, umempa jiko na kisu. Kuuliza si ujinga, na kusema sijui hakujaangusha seva ya mtu.

Mungu akupe mikono mizuri na ulimi usioona haya kukiri usichokijua. Kila anayekuomba kitu akipate kama kilivyo, na asikupigie simu kukuuliza mbona.