Shanga za Kuzikiwa Baba

Baba yangu, Kpabitey wa Odumase, alifariki wiki iliyofuata Pasaka. Daktari alisema mapafu yamejaa vumbi la chupa. Mungu humchukua amtakaye, na kwake sina lalamiko. Lalamiko langu ni kwa watu.

Miaka hamsini na mmoja baba alitengeneza shanga kwa chupa zilizovunjika. Chupa za bia zilimpa kijani, vichupa vya krimu vilimpa nyeupe, na njano aliitafuta mpaka Koforidua. Alizitwanga kwa kinu cha chuma, akachekecha unga kwa kitambaa, akaumimina katika kalibu za udongo. Katika kila kitundu cha kalibu alichomeka kikonyo cha jani la muhogo katikati. Ndani ya tanuri kioo kinayeyuka, kikonyo kinaungua, na pale kilipokuwa panabaki tundu la kupitishia uzi. Vikonyo alivichuma mwenyewe asubuhi, nyuma ya nyumba. Jani changa hakulitaka, wala lililoanza kuwa njano. Mama akiwa hai alikuwa akimtania kwamba mihogo yake inajua kutunga shanga kuliko kulisha.

Miaka saba iliyopita watu wa mradi walikuja kutoka Accra. Walisema watatuletea mashine ya kusaga chupa, ili wazee wasivute tena vumbi, na shanga zetu Wakrobo zitauzwa dunia nzima. Walihitaji kiwanja. Baba akawapa shamba la mihogo, bure, kwa maendeleo ya mji. Jengo likajengwa, bati jekundu, kibao kikubwa mlangoni. Utepe ukakatwa, tukacheza, kwaya yetu ya kanisa ikaimba nyimbo mbili. Mashine haikuja. Mlango ule haujafunguliwa tangu siku ile.

Kiongozi wao, Bwana Amoako, alimwomba baba pia shanga za kupeleka kwenye maonyesho ng'ambo. Baba alimpa misururu arobaini. Kati yake ulikuwemo msururu aliojitengenezea azikwe nao: wa njano, wenye pete mbili nyeusi, mtindo aliofundishwa na babu yake. Nilimkataza. Akaniambia, "Watu hawa wanakwenda na kurudi, Maku. Huo ndio unaotuonyesha sisi ni nani."

Haukurudi. Ila baada ya miaka mitatu niliziona shanga za mtindo ule sokoni Agomanya, ndani ya gunia, zinauzwa kwa kilo. Njano, pete mbili nyeusi. Mwenye gunia alisema zinatoka kiwandani ng'ambo, zinakuja kwa kontena. Nilimpelekea baba msururu mmoja. Akaushika ushanga mmoja, akauelekeza juani, akachungulia tundu. Alicheka kwanza.

"Limenyooka kama mrija," alisema. "Hapa hakuna jani lililoungua."

Kesho yake alivaa shati la kanisani akaenda ofisini kwa Bwana Amoako. Alichoambiwa huko alikirudia mezani neno kwa neno, na nilikisikia tena na tena mpaka kufa kwake. Kwamba mtindo si mali ya mtu. Kwamba wanunuzi wa nje wanalalamika matundu yetu yamepinda. Kwamba Mzee aache majani, atumie waya, ndipo atakuwa na ubora wa kimataifa.

Na baba, Mungu amrehemu, alijaribu. Msimu mzima alichomeka waya. Shanga zikipoa, kioo kinajibana, waya haujibani nacho, na ushanga unapasuka. Tanuri baada ya tanuri zilitoka nusu nusu. Hakuzitupa. Alizirudisha kinuni akazitwanga upya, yaani vumbi lile lile alilivuta mara mbili. Kikohozi kilianza msimu huo.

Alipofariki tulifungua sanduku lake kutafuta za kumvalisha. Hakukuwa na hata msururu mmoja wa njano. Kwetu mtu mzima haendi kaburini shingo tupu, na mtengeneza shanga ndiyo kabisa.

Kwenye kikao cha kutimiza wiki moja ya msiba alifika Bwana Amoako na kisanduku cha plastiki. Ndani mlikuwa na misururu sita ya njano yenye pete mbili nyeusi. Akaomba zitangazwe kwenye kipaza sauti kuwa mchango wa mradi.

Nilimuuliza nani kazitengeneza.

"Ni mtindo wa Mzee mwenyewe, dada Maku," alisema. "Tumemuenzi."

"Nimeuliza nani kazitengeneza."

Akatazama saa yake. Mtangazaji alikuwa keshasoma. Watu wakapiga makofi.

Baba mdogo Sakite, mdogo wake baba, alifurahi. Aliacha kazi ya shanga zamani, akawa fundi wa pikipiki. Watu walipoondoka aliniambia tumshukuru Mungu, jambo limekwisha bila taabu. Nikamwambia sitamvalisha baba kitu kilichomuua.

"Maku, acha ukali. Ni shingoni mwa maiti. Nani atachungulia tundu?"

"Yeye."

Baba mdogo akaniuliza kama kalibu bado zipo.

Kama ilivyo desturi kwetu, mwili ulikaa chumba cha maiti wiki tano zaidi, kwa hiyo muda ulikuwepo. Tanuri lilikuwa limebomoka upande mmoja, tukalikandika udongo. Baba mdogo alisahau mengi. Mara ya kwanza hakupaka kalibu udongo mweupe, shanga zikagandia humo zote, na nilimtukana kidogo, akanitukana zaidi. Vikonyo vilitusumbua, maana shamba limekaliwa na jengo lao. Miche michache ya mihogo imejiotea kando ya ukuta, chini ya kile kibao. Tulichuma pale. Baba mdogo alikisoma kibao chote kwa sauti, mpaka jina la mgeni wa heshima, kisha akatema mate. Mimi ni mwanakwaya, sikutema. Nilitamani.

Unga mweusi ulikuwemo wa kutosha kwenye makopo ya baba. Wa njano ulifika nusu tu ya tulichohitaji, na Koforidua hawakuwa nao. Tulikaa tunatazama kopo. Halafu baba mdogo akainuka, akaingia ndani, akarudi na kisanduku cha plastiki.

"Hiki ni kioo au si kioo?" aliuliza.

Nilifunga kitambaa puani nikatwanga mwenyewe. Sijui kama ni dhambi kufurahia kutwanga. Misururu yote sita ilikwisha kabla ya adhuhuri. Tulichanganya na unga wa baba, tukamimina, tukachomeka vikonyo, tukawasha. Zilitoka njano iliyofifia kidogo, na kumi na moja zilipasuka. Thelathini na nne zikatoka nzima. Tukazisugua kwa mchanga na maji juu ya jiwe lake mpaka zikateleza. Nilichungulia tundu la kila mmoja. Yote yamepinda, na ndani majivu.

Jumamosi ya maziko Bwana Amoako alikuja na mpiga picha. Alimwangalia baba pale kitandani alipolazwa, akaziangalia shanga, akainama karibu zaidi. Kisha akatuuliza kwa upole mbona hazioni zile za mradi.

"Amezivaa," alisema baba mdogo Sakite. "Tulizitwanga kwanza."

Mpiga picha alishusha kamera. Bwana Amoako hakungoja wimbo wa mwisho.

Jengo bado limefungwa. Nimepanda mihogo kuzunguka ukuta wake wote, hadi mlangoni, na Jumatano na Jumamosi baba mdogo anawasha tanuri. Siku mashine itakapokuja, itabidi wapitie kwangu waombe njia.