Miaka Mitatu ya Mkono

Juzi nilikuwa kwa wakili mmoja mjini Wote, kwa kesi ya mpaka wa shamba. Mama aliyenitangulia alitaka kumdai mumewe fidia kwa kumvunja mkono. Karani akasoma karatasi ya hospitali.

"Mama, hii ni miaka mitano. Sheria inakupa mitatu tu ya kushtaki."

"Hiyo mitatu nilikuwa bado kwake. Wazee wa kanisa walisema ningoje, wanaongea naye. Ningemshtaki, halafu jioni nimpikie?"

Karani akamrudishia karatasi. Mama akaikunja kwa mkono mmoja, polepole, akairudisha ndani ya Biblia.

Zamu yangu ilipofika, niliambiwa nisiwe na wasiwasi: kesi ya shamba hupewa miaka kumi na miwili.

Sikusomea sheria, lakini kuhesabu najua. Jirani akisogeza jiwe langu la mpaka, sheria itaningoja. Mama yule haikumngoja hata atoke kwa huyo mume.