Malkia Watatu wa Angelina

"Hawa watu ni waoga! Nikipata karata nzuri tu, wote wanatoka!" Angelina, aliyekuwa akicheza poka ya pointi na watu wa mtandaoni, aliikaripia kompyuta kana kwamba imemwibia kuku.

Optatus, shemeji yake aliyefungua intaneti kafe Nkuhungu mwaka ule wa 2005, alicheka. "Wanatoka kwa sababu unamwaga pointi zote mara moja, shemeji. Jumapili, kwenye mnada wa mavuno kanisani, yule jogoo ulimwanzia bei gani?"

"Mia tano."

"Ukamuuza ngapi?"

"Elfu tisa. Mzee Yotham na mwenzake walishindana mpaka jasho likawatoka." Angelina akaigeukia tena kompyuta, safari hii bila kuikaripia.

"Basi na huku uza hivyohivyo. Ukimla mtu pointi zake leo, deni lako la saa mbili za intaneti nimelifuta. Ukishindwa, unalipa kabla hujainuka."

Angelina akagawiwa malkia wawili, na karata za mezani, zile za wachezaji wote, zilipofunguliwa, wa tatu alikuwemo. Vidole vilimwasha, lakini akaweka pointi kidogo tu. Mgeni mmoja, wa nchi gani sijui, akafuata kwa kiasi kilekile. Ikafunguliwa karata nyingine, Angelina akaongeza kiasi. Mgeni akafuata tena. Ilipokuja ya mwisho, Angelina akasukuma pointi zake zote. Mgeni alikwishaweka nyingi mno, hakuweza kuziachia, akaingia mzimamzima na wafalme wake wawili, wasiofua dafu mbele ya malkia watatu.

"Amekwenda!" Angelina alipiga kelele mpaka wanachuo waliokuwa kwenye kompyuta nyingine wakageuka.

Optatus akaguna, akicheka. "Haya, shemeji, hunidai, sikudai. Ila saa ya tatu unalipa taslimu."