Kopo la Kabaidi na Mbege ya Masama

Naanza kukiri mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine: mimi ni mwalimu wa kemia, nina miaka tisa ubaoni, na mimi ndiye niliyefyatua pipa la ndizi mbele ya wazee wa ukoo wetu, Jumapili saa sita mchana, huku baba mdogo wa mchumba wangu ameketi kwenye kiti cha mgeni. Chekeni kwanza mmalize, halafu niendelee.

Mchumba mwenyewe ni Anjela, binti wa Masama, na kwetu huendi kwa wakwe na maneno matupu, unakwenda na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, tena iliyotoka kwenye ndizi za kihamba chenu, yaani shamba la nyumbani, na wazee wa huko wakishaionja ndipo mazungumzo yanaanza. Isipowapendeza, mnakunja suti zenu mnarudi. Mama alikuwa Arusha kumsaidia dada yangu aliyejifungua, kwa hiyo mimi nilipewa kazi moja tu: nipande nyumbani Kirua Vunjo, nikate mikungu, niifunike stoo iive taratibu, mengine yote angefanya yeye akirudi. Nikasema sawa Mama. Kisha nikazama kwenye kusahihisha mitihani ya kidato cha tatu, nikasahau kabisa, mpaka Mama aliponipigia Ijumaa, safari ya Masama ikiwa Jumamosi ya wiki inayofuata.

"Ndizi zimefika wapi, Festo?"

"Ziko stoo, Mama, zinaendelea vizuri."

Hapo ndipo yote yalipoanzia, jamani, kwenye hilo jibu. (Ningesema nimesahau angenifokea dakika tano tu, na leo msingekuwa na cha kusikiliza.) Kwa baridi yetu ya mlimani, ndizi hazina haraka, zinataka wiki nzima na zaidi kuiva, kisha zipikwe, zichachuke, zichujwe, zichanganywe na ulezi uliooteshwa. Siku hazikutosha. Nikakumbuka wafanyabiashara fulani wanaoivisha ndizi kwa kabaidi, yale mawe ya kijivu ambayo mafundi wa kuchomelea huyatia maji yakatoa gesi, na moyo ukanituna: hii si kemia? Na kemia si yangu?

Jumamosi nikaenda Kiboriloni kwa Fundi Haika. Huyu ni mama wa miaka hamsini na kitu, ameishia darasa la saba, anatengeneza mageti na madirisha nyuma ya soko, na hakuna geti lake nililowahi kuona limepinda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwambia nataka kilo moja ya kabaidi.

"Unachomelea nini, Mwalimu?"

"Ya maabara, Fundi. Wanafunzi."

Uongo wa pili, na bado jua halijawa kali. Akaniangalia kidogo, akaenda kunawa mikono, nikashangaa, maana baada ya kunawa alisimama akaifuta kwa kitambaa kikavu, kidole kwa kidole, akavaa glovu, akajifuta na jasho la kipaji ili lisidondoke. Alimfukuza kijana wa jirani aliyekuwa na sigara. Kisha akafungua debe lake, akachota haraka, akafunga, akaniwekea mawe yangu kwenye kopo kavu la bati ambalo namba yake ya simu imeandikwa ubavuni kwa rangi ya mafuta. Leo nikiikumbuka ile mikono naona heshima tupu, mtu anayekijua kitu chake na kukipa nafasi yake, lakini siku ile nilikuwa natazama saa.

"Sasa sikiliza," akasema. "Hii haitaki maji, hata unyevu wa majani, hata jasho. Ikilowa inatoa gesi, na gesi yake ukiifungia ndani inapasua, ikikuta moto inawaka kabla hujasema Yesu. Ikikuharibikia usimwagie maji. Toka, uache hewa ipite, unipigie."

"Fundi, hayo mimi nayafundisha," nikamjibu, na nilicheka. Nilicheka kabisa, kile kicheko cha mtu mwenye digrii.

"Basi vizuri," akasema. "Kopo langu urudishe."

Jumapili alfajiri nikapanda Kirua, nikamkuta Mama amerudi usiku kutoka Arusha, nikamwambia tumbo linaniuma, akaenda misani peke yake. (Huo wa tatu, na huu nilimdanganya Mama na Mungu kwa pamoja.) Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha. Nikakata mikungu minne, na kwa kuwa ni ndizi za wakwe nikaona nizioshe ziwe safi, nikazipanga kwenye pipa la plastiki, nikafunga kabaidi kwenye gazeti, nikaiweka juu ya ndizi, nikafunikia majani ya mgomba mabichi yanayochuruzika maji, nikabana mfuniko, na juu ya mfuniko nikaweka jiwe la kusagia ulezi. Yaani kila alichosema Fundi usifanye, nilikipanga kwa utaratibu mzuri kama somo la vitendo.

Misa ilipoisha Mama akarudi na wazee wanne wa ukoo kupanga safari, na nyuma yao mgeni ambaye sikumtegemea: Baba mdogo wa Anjela, mzee Kornelio, aliyekuja kusali parokia yetu na akaona apite awasalimie watu watakaokuwa wakwe zake. Wakaketi uani, Mama akawasha moto jikoni, hatua kama ishirini kutoka stoo, achemshe chai.

"Nani anapika vitunguu saumu?" mzee mmoja akauliza.

Hakuna aliyekuwa anapika vitunguu saumu. Ile ndiyo harufu ya gesi ya kabaidi, nimeiandika ubaoni miaka tisa, na pua yangu haikunikumbusha kitu. Nikaenda stoo kuchungulia, nikakuta pipa limefura kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani yenye umande, na nilipokuwa nafikiria nilishike wapi, mfuniko ukaruka. Mlio wake sitausahau! Jiwe likapiga bati la paa likarudi chini kando ya mguu wangu, ndizi zikatoka mlangoni zikaenda mpaka kwa wageni, na mimi nikapakwa ujiuji mweupe wa chokaa kuanzia kifuani mpaka vidoleni. Wazee wa zaidi ya miaka sabini waliruka ua wa masale kama vijana.

Na mwalimu wa kemia akafanya nini? Akapiga kelele, "Maji! Leteni maji!", akakamata ndoo ya Mama, akamwaga yote ndani ya pipa.

Pipa likachemka, povu likapanda, harufu ikazidi, na ndipo nikauona moshi wa jikoni ukielea upande wetu, na Mama yuko kule ndani, anapuliza kuni. Niliogopa jamani, niliogopa kweli. Mzee Kornelio ndiye aliyeokota lile kopo la Fundi nililoliacha uani na kuona namba, akapiga kwa simu yake, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa chokaa tupu akanishikia yeye, ameweka spika.

"Fundi, ni Mwalimu Festo, ile kabaidi imelowa!"

"Imelowaje na wewe ulisema ni ya maabara?"

Mzee Kornelio akanitazama juu ya miwani.

"Ni ya ndizi," nikasema. "Za mbege."

Fundi hakunigombeza, na kwa hilo ninamheshimu mpaka leo. Aliuliza mambo mawili tu, moto uko wapi na upepo unatoka wapi, akatoa amri: mama afukie moto kwa majivu atoke, watu wote wapande juu upande upepo unakotokea, mtu asiwashe kitu, asiguse swichi, asisogelee stoo, mlango ubaki wazi. Naye kwa bahati alikuwa huko huko Kirua kwa dada yake, akafika kwa pikipiki bado amevaa kitenge cha misa, na viatu vyake vya kazi. Unajua alifanya nini kwanza? Hakufanya kitu. Alisimama mbali akasubiri, saa nzima, ametulia, anaiacha ile kabaidi imalize hasira zake, na wazee wote wamesimama nyuma yake kwa adabu. Wakati huo huo alinishika mikono yangu iliyoanza kuwaka, akaipangusa kwanza kwa kitambaa kikavu, halafu akanipeleka bombani, akaimwagia maji mengi, muda mrefu.

"Sasa hapa ndipo penye kazi ya maji," akasema.

Baadaye akaingia mwenyewe, na glovu na miwani, akatoa mabaki kwa koleo kavu la mti. Ndizi zote akasema zitupwe. "Hii ni ya chuma, si ya tumbo. Ina uchafu wake wenye sumu."

Mzee Kornelio alikuwa anasikiliza. Akaniuliza polepole, "Mwanangu, kama pipa lisingepasuka, ungetuletea hiyo tunywe?"

Ningeweza kudanganya mara ya nne. Nilimwangalia Mama, majivu yamemjaa mpaka kwenye kilemba.

"Ningewaletea," nikasema. "Shikamoo, Baba mdogo. Nisamehe." (Kwa nini nilimwamkia upya sijui.)

Akainamisha kichwa. Nilijua nimeshampoteza Anjela. Kisha akasema safari iahirishwe mpaka ndizi ziive zenyewe, na kwamba atakuja yule mama wa viatu pia, kwa sababu anataka kumwona mtu wa aina hiyo akiketi kwa watu wa Masama.

Nililala Kirua kila mwisho wa wiki, nikichungulia ndizi mpya bila kuzigusa. Siku ya siku tukaenda, Fundi Haika katikati ya wamama. Mzee Kornelio akapokea kata, hakunywa. Akainusa. Akainusa tena, Anjela mlangoni ameshika kanga kwa meno. Kisha akanywa, akajifuta mdomo.

"Hii haina haraka," akasema, na akampa jirani yake.

Sasa kila mwaka, somo la kabaidi likifika, ninamwalika Fundi Haika afundishe yeye, na mimi nakaa dawati la nyuma. Anaanza kwa kunawa na kukausha mikono mbele yao, kidole kwa kidole, wanafunzi wanacheka. Mimi sicheki tena, na nimeapa sitacheka. Kopo lake nilishamrudishia.