Mama Kata na msumari uliokaa mahali pa fyuzi

Saa tatu asubuhi, kwenye korido ya nyumba ya kupanga, mwanamke mwenye ovaroli ya bluu amesimama juu ya stuli, tochi kaibana kwapani. Meni swichi ameshaizima. Anachomoa fyuzi ya kwanza kwenye kisanduku cha zamani kilichopigiliwa ukutani, anaikagua, anaitia mfukoni. Anachomoa ya pili, na tochi inamdondoka.

Mahali pa ule waya mwembamba unaotakiwa kuyeyuka umeme ukizidi, pamekaa msumari. Umepindwa ukaenea vizuri kabisa.

"Nani kaweka hiki kitu?" anauliza. Wapangaji waliosimama milangoni wanatazamana.

"Mimi," anajibu mwenye nyumba, mzee nadhifu mwenye bakora. "Na tangu niuweke, umeme humu haujakatika hata siku moja."

Analisema hilo kwa fahari, kama mtu aliyewatendea wenzake hisani.

Mtaani fundi huyu anaitwa Mama Kata, na si jina la sifa. Amelipata kwa sababu ya breka, vile vidude vya kisasa vyenye swichi zinazojiangusha zenyewe umeme ukizidi au nyaya zikipiga shoti. Mtu anachomeka pasi, jiko na birika kwa mpigo, breka inakata, lawama zote kwa fundi. Anayesokomeza waya mnene kwenye fyuzi, taa zikawaka mwaka mzima huku ukuta unaungua taratibu, huyo ndiye fundi hodari, na simu yake haipumziki.

"Inaniuma, nisikufiche," anasema Mama Kata. "Mwezi huu wateja wawili wameng'oa breka zangu wakarudishia makorokoro yao. Mtu anamfukuza mlinzi kwa kuwa kapiga kelele mwizi alipoingia! Hivi hii akili tumeitoa wapi?"

Kazi alifundishwa na mjomba wake, fundi aliyependwa na kila mtu kwa kuwa hakuwahi kumkatalia mteja. Ukimwambia weka waya mnene, ameweka. Mpaka duka moja alilolihudumia hivyo likateketea, na mlinzi aliyekuwa ndani hakutoka. Mjomba yupo, mzima wa afya, lakini koleo hajaligusa tena.

"Kazi aliijua kuliko mimi. Kilichomponza ni upole," anasema. "Huo upole mimi nilikataa kuurithi."

Koridoni, mzee anatoa kali ya mwaka. Breka alizomwitia fundi ziwekwe upande wake tu, penye friji na televisheni mpya. Vyumba vya wapangaji viendelee na msumari mpaka mambo yakae sawa. Mkuki kwa nguruwe!

Mama Kata anashuka kwenye stuli. "Mzee wangu, shikamoo nimekupa, na heshima yako iko palepale. Lakini ni nyumba nzima, au siweki hata moja."

"Mafundi wamejaa mji huu, binti yangu."

"Waite. Ila umeme siwashi na msumari huu ndani."

Hapo ndipo bibi mmoja mpangaji, fundi cherehani ambaye chumba chake kiko nyuma ya kisanduku kile, anapojitokeza. Hapigi kelele. "Baba mwenye nyumba, njoo mara moja."

Anamwingiza chumbani, anamshika mkono, anaubandika ukutani juu kidogo ya godoro wanapolala wajukuu zake. Umeme umezimwa, lakini ukuta bado una joto.

"Nilikuambia ukuta huu unachemka, si mara moja," bibi anasema. "Ukaniambia ni jua. Baba, jua gani linaingia huku?"

Mzee anaurudisha mkono upesi. Anaangalia godoro, anaangalia ukuta. "Weka zote," anasema hatimaye. Samahani haimtoki.

Mama Kata, ambaye neno likimfika kooni halirudi chini, anamjibu papo hapo: "Kumbe mpangaji hasikiki mpaka mwenye nyumba aungue mwenyewe!"

Alasiri kisanduku kipya kimekaa ukutani, na nyaya zilizoungua zimebadilishwa. Bibi anachomeka pasi, jirani yake anawasha jiko, na breka ya upande wao inakata. Mzee anafungua mdomo alalamike. Bibi anamuwahi: "Acha ikate, baba. Leo nitalala usingizi."

Mpango wa Mama Kata sasa ni kupita nyumba za kupanga mtaa kwa mtaa, awaombe wenye nyumba wafungue visanduku mbele ya wapangaji wao. "Wanaolala ndani waone wenyewe wanalala na nini," anasema. "Na siku moja mtu anipigie simu aniambie, mama, imekata, asante. Hiyo simu sijawahi kuipata."

Simu inaita akiwa bado anazungumza. Ni mteja wa wiki iliyopita, anafoka mpaka waliosimama kando wanamsikia: breka zinamkatia umeme ovyo, aje azing'oe leo hii.

Mama Kata anafunga begi la vifaa, analitupia begani.

"Naenda," anasema. "Lakini sing'oi."