Mtumishi Aliyeandikwa Chini ya Mafuta

Kwa miaka kumi na tisa maji ya shule ile ya bweni yalipanda kutoka kisimani hadi kwenye tangi kwa nguvu za mikono ya mtu mmoja, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mzee Mpini. Kila alfajiri aliushika mpini wa pampu, akausukuma na kuuvuta kwa saa mbili, kisha akanywa mabakuli mawili ya uji na kurudi chumbani kwake, katika nyumba za watumishi alikoishi na mkewe. Hakuwahi kuugua wala kuchelewa. Na kwa kuwa hakuwahi kuharibika, hakuna aliyemhesabu kuwa ni mtambo.

Kukosa mtambo kulimkera Mkuu wa shule, mtu aliyeyapenda maendeleo kiasi cha kutaka kuyasikia yakinguruma. Shemeji yake, aliyejiita mtaalamu wa nishati, akamletea injini inayotumia mafuta ya mbegu za mbono. Siku ya majaribio, mbele ya kamati ya shule iliyokaa kivulini, tangi lilijaa kwa dakika arobaini. Mtaalamu alieleza kwamba lita moja ya mafuta yale hufanya kazi ambayo mtu mzima angeifanya kwa siku kadhaa, tena bila kudai uji. Kamati ikapiga makofi. Hakuna aliyeuliza mafuta yenyewe yametoka wapi, ingawa nyuma ya stoo vibarua wanne walikuwa wamelala chali, hoi bin taabani, baada ya kubangua mbegu na kuzungusha kinu cha kukamulia kwa siku mbili nzima.

Wiki ile ile Mzee Mpini aliitwa ofisini, akaarifiwa kwamba pampu ya mkono imestaafu na yeye amehamishiwa kwenye kinu. Aliomba kwa adabu arudishwe kwenye pampu, kwani kazi yake ilikuwa nyepesi zaidi na maji ni yale yale. Mkuu alimjibu kwamba shule haiwezi kurudi katika zama za misuli. Basi akapelekwa kinuni, ambako misuli ya watu wanne ilikuwa haitoshi.

Ikabaki ripoti ya mradi wa injini. Mkuu alikwisha kuandika kwamba shule haitumii tena nguvu za binadamu kupandisha maji, na jina la Mzee Mpini katika orodha ya watumishi lingemuumbua. Akalifuta, akaliandika upya chini ya kichwa kisemacho Mafuta na Vilainishi. Baada ya hapo ikafuata barua: nyumba za shule ni za watumishi peke yao; ahame kabla ya Jumanne.

Mkewe aliisoma barua ile mara mbili, akavua miwani.

"Kwa hiyo mimi ni mke wa mafuta. Na mafuta yanakaa wapi?"

"Stoo."

"Basi nenda wewe stoo. Mimi niliolewa na mtu."

Jumatatu Mzee Mpini hakuondoka kitandani. Vibarua wanne walizungusha kinu bila yeye, na hadi adhuhuri chupa ya mafuta ilikuwa haijafika nusu. Tangi likakauka. Wapishi walipoanza kugonganisha ndoo chini ya dirisha la ofisi, Mkuu alikwenda mwenyewe hadi kwenye nyumba za watumishi, akasimama kizingitini na suti yake.

"Mzee wangu, mbona leo hujafika kazini?"

"Nimeandikwa mafuta, Mwalimu Mkuu. Mafuta hayaendi kwa miguu. Hubebwa."

"Acha utani, mzee. Shule haina maji."

Mkewe alikuwa amekwisha kusogeza kiti ili kupisha njia. "Atabebeka tu, Mwalimu. Wewe shika miguu, mimi nitashika kichwani. Ila taratibu hapo mlangoni, asije akamwagika."

Mkuu aliitazama miguu ile yenye magaga kwa muda mrefu kuliko alivyopata kuitazama injini. Kisha akaiomba barua, akaichana. Mzee Mpini hakuinuka. Alingoja mpaka Mkuu alipoweka karatasi juu ya goti lake mwenyewe na kuandika kwamba mwenye chumba hiki ni mtumishi wa shule, na kutia sahihi. Hapo ndipo alipovaa shati, akaenda kinuni.

Ripoti haikusahihishwa. Mwaka uliofuata shule nyingine tatu, zilizoisoma kwa makini, ziliagiza injini kama ile.